Jinsi ya kuisikiliza Cold Chisel mpaka ikuingie: anza na mpiga kinanda

Ijumaa moja jioni, miaka kadhaa imepita sasa, nyuma ya ghala nililokuwa nabeba maboksi hapa Adelaide, jamaa wanachoma soseji, bia ziko kwenye ndoo ya barafu, redio imewekwa juu ya kreti inaimba vitu ambavyo mi hata sikuwa navijali. Mara ikaanza piano. Noti chache tu. Watu wazima wenye vitambi vyao, ambao wiki nzima hawajaniambia kitu zaidi ya "sogea" na "leta ile", wakaacha kutafuna, wakainua chupa juu, wakauimba huo wimbo mwanzo mpaka mwisho kwa koo za kupasuka, na hamna hata mmoja aliyekosea neno. Nikamuuliza mzee mmoja niliyekuwa nimemzoea, huu wimbo unahusu nini? Akasema Vietnam. Nikamwambia sawa, Vietnam vipi? Akaniangalia kama vile nimemuuliza maji yanahusu nini, akarudi kuimba.

Wimbo ni Khe Sanh, jina la sehemu kule Vietnam, bendi inaitwa Cold Chisel. Usiku ule nilikaa na daftari nikayaandika maneno yake mstari kwa mstari kama mtoto wa darasa la tatu, maana Kiingereza cha huku kilikuwa bado kinanipiga chenga, narudisha nyuma, nasikiliza, narudisha nyuma. Nilipomaliza nikaona kwamba wale jamaa walikuwa wanaimba kwa furaha kabisa habari za mtu aliyerudi vitani akiwa ameharibika, halali, hatulii, hana pa kwenda.

Toka hapo nimeisikiliza hii bendi sana na nimejaribu kuwaingiza watu wengine, wabongo wenzangu na Wakenya wawili watatu, wengine wakaingia, wengine wakasema mzee hizi ni kelele zima hiyo spika. Kwaiyo hapa naandika njia ninayoitumia sasa hivi, maana nimegundua waliokimbia niliwaanzishia vibaya. Njia yenyewe kuisema ni fupi: fuata kinanda na maneno, anayepiga mayowe atakuja mwenyewe, huna haja ya kumtafuta.

Kabla hujabonyeza kitu, ijue baa yenyewe

Huku Australia baa nyingi zinaitwa hoteli. Hili liweke kichwani mapema, kwa sababu sisi tukisikia hoteli tunawaza wali maharage, au vyumba vya kulala, alafu nyimbo zao zimejaa hoteli hii na hoteli ile, ukidhani wanaimba habari za chakula utapotea. Hoteli ni baa. Inaweza kuwa na vyumba juu, lakini mambo yote yako chini.

Hizo baa zina historia ya ajabu kidogo. Toka mwaka 1916 hivi, wakati wa vita ya kwanza, majimbo kadhaa yaliweka sheria baa zifungwe saa 12 jioni. Saa 12! Mtu anatoka kazini saa 11, ana saa moja tu ya kunywa, kwaiyo wanaume walikuwa wanajazana kaunta wanakunywa kama wanakimbizwa, na wenye baa wakatoa viti na meza ili waingie wengi zaidi, wakapiga vigae ukutani ili usiku waoshe kwa mpira wa maji. New South Wales waliifuta hiyo sheria 1955, Victoria 1966, na hapa South Australia ikasubiri mpaka 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 70 umri wa kunywa nao ukashushwa mpaka 18. Piga hesabu mwenyewe: ghafla una majengo makubwa ya baa kwenye vitongoji vya wafanyakazi, muda mrefu wa usiku, na vijana kibao wenye mshahara na magari. Wenye baa wakahitaji kitu cha kuwaleta, na kitu chenyewe kikawa bendi.

Sasa we piga muziki kwenye ukumbi wa vigae, dari liko chini, watu mia kadhaa wamelewa na hawakuja kukusikiliza wewe, wamekuja kunywa. Ukiimba kwa upole hawakuoni. Ndo maana AC/DC wanapiga vile, The Angels wanapiga vile, Rose Tattoo, Midnight Oil, wote wametoka kwenye shule moja, shule ya kupiga kelele mpaka mlevi wa mwisho kule nyuma ageuze shingo. Ukielewa hivyo, sauti ya Jimmy Barnes haitakukera tena, utajua ni sauti ya mtu aliyejifunza kuimba kushindana na glasi zinazovunjika.

Wajue watano, hasa mmoja

Bendi ilianza hapa hapa Adelaide mwaka 1973. Nitawataja wote watano kwa sababu wote watano wameandika nyimbo za maana, na kitu hicho si cha kawaida, bendi nyingi unakuta mmoja au wawili ndo wanaandika, waliobaki wanasubiri malipo.

Jimmy Barnes, mwimbaji. Kazaliwa Glasgow kule Scotland mwaka 1956, wazazi wakahamia Australia akiwa mtoto, wakaishia Elizabeth, mji wa wahamiaji kaskazini ya Adelaide ambako kila mtu alikuwa anafanya kazi kiwandani au anamjua anayefanya kazi kiwandani. Kiwanda cha magari cha Holden kilikuwa pale mpaka kikafungwa Oktoba 2017. Barnes mwenyewe amekuja kuandika vitabu uzeeni kuhusu utoto wake, ulevi na vipigo ndani ya nyumba, ukivisoma unaelewa ile kelele inatoka wapi.

Ian Moss, gitaa, na ni mwimbaji wa pili mwenye sauti laini kabisa ya soul. Huyu katokea Alice Springs, katikati ya jangwa. Steve Prestwich, ngoma, Mwingereza wa Liverpool. Phil Small, besi, mkimya, aliingia 1975.

Alafu Don Walker. Huyu ndo mtu wako. Mpiga kinanda, kazaliwa Queensland, kakulia Grafton, mji mdogo wa mtoni kaskazini mwa New South Wales, kasoma fizikia chuo kikuu na akafanya kazi kwenye taasisi ya serikali ya utafiti wa silaha hapa South Australia. Mwaka 1974 akaenda Armidale, mji mdogo wa chuo kikuu kule New South Wales, kuendelea na masomo yake, na bendi nzima ikamfuata! Yaani vijana wa rock wanahama mji ili mwenzao amalize kusoma mekanika ya kwanta. Katika picha za zamani huwa yuko pembeni, kinyonge, mara nyingi humwoni kabisa kwa sababu Barnes kasimama mbele anamwagika jasho. Lakini maneno mengi ambayo Australia nzima inayaimba ni ya huyu bwana wa pembeni.

Kamchezo kadogo: chukua wimbo wowote wao, usikilize mara ya kwanza ukifuata piano tu toka mwanzo mpaka mwisho, chukulia kama vile vyombo vingine havipo. Utashangaa ilivyo tulivu ndani ya vurugu. Alafu ndo uache masikio yaende yanakotaka.

Usianze na Khe Sanh

Hapa ndo nilipokuwa nakosea. Kila mtu anamwanzishia mgeni Khe Sanh kwa sababu ndo maarufu, na mgeni anasikia mtu anafoka dakika nne bila kiitikio cha kueleweka, anachoka. Anza na Flame Trees.

Flame Trees iko kwenye albamu ya Twentieth Century ya 1984, albamu iliyotoka wakati bendi imeshavunjika. Muziki katunga Prestwich, maneno Walker. Hadithi yenyewe ni mtu karudi mji mdogo aliokulia, anakutana na washkaji wa zamani, wanakunywa, wanacheka, na kuna mwanamke mmoja ambaye hayupo tena pale na yeye anajitahidi sana asimtaje. Basi. Hakifanyiki kitu kingine. Kama umewahi kurudi kijijini baada ya miaka mingi ukakaa kilabuni na watu uliosoma nao, unajua tayari wimbo huu unasema nini, hata Kiingereza chake kikikupita nusu.

Hiyo miti ya kwenye jina ni miti ya huku, mwezi wake ukifika inaangusha majani inabaki maua mekundu tupu mti mzima, siyo mikrismasi yetu ile, ni jamii nyingine kabisa, ila ukiwaza mkrismasi wa Desemba hujakosea sana.

Fanya hivi: kaa peke yako, usiku ni bora zaidi, weka maneno yake mbele yako kwenye simu, usikilize mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza soma maneno tu. Mara ya pili sikiliza jinsi Barnes anavyojizuia, maana mtu huyu anaweza kuvunja kioo kwa koo lake na hapa anajibana karibu wimbo mzima, na ule ugumu wa kujibana ndo maumivu yenyewe. Mara ya tatu usifanye kitu. Ulipotoka kama singo ulifika namba 26 tu kwenye chati, alafu polepole ukawa ndo wimbo ambao watu wanaulilia. Mwaka 2005 mwimbaji Sarah Blasko aliurudia polepole sana kwa ajili ya filamu ya Little Fish, huo nao usikilize baada ya wa kwanza, utaona ukiondoa kelele zote wimbo bado umesimama wima.

Kama Flame Trees haijakugusa kabisa kabisa, jaribu When the War Is Over, ya Prestwich, Moss na Barnes wanapokezana. Hiyo imerudiwa na watu wengi, Cosima De Vito alifika nayo namba moja Australia mwaka 2004. Na yenyewe isipokugusa basi sikulaumu, hii bendi siyo yako, rudi kwenye bolingo lako kwa amani.

Sasa Khe Sanh, kwa utaratibu

Hapa nitakaa kidogo.

Vijana wa Australia waliopelekwa Vietnam walikuwa kama 60,000, wakafa zaidi ya 500. Na maelfu kati yao hawakujitolea. Kulikuwa na bahati nasibu, naomba uisome polepole hii: wanaweka gololi kwenye pipa, kila gololi ina namba ya tarehe ya kuzaliwa, wanazungusha, wanachomoa. Una miaka 20 na tarehe yako imetoka, unaenda jeshini, na kutoka hapo ikiangukia hivyo unaenda Vietnam. Walioenda Vietnam kwa njia hiyo ni zaidi ya 15,000. Waliporudi hawakupokelewa vizuri, nchi ilikuwa imeshachoka na vita na haikutaka kuongea. Gwaride la kuwakaribisha nyumbani lilikuja kufanyika Sydney Oktoba 1987.

Wimbo ulitoka 1978. Miaka tisa kabla ya gwaride. Walker hakwenda vitani, alichukua habari kwa watu aliowajua waliokwenda, akamtengeneza mwanajeshi mmoja anayeongea mwenyewe: karudi, kazi anashika hii anaacha, wanawake wanapita, madawa, anazunguka nchi, anasafiri nje kutafuta kitu ambacho hajui ni nini, na mwisho bado anataka kupanda ndege aondoke tena. Hakuna kiitikio cha kawaida cha kupumzikia, hadithi inakwenda tu mbele kama mtu asiyeweza kukaa. Mi naona hapo ndo Walker kapatia kuliko popote, umbo la wimbo lenyewe halitulii.

Na redio zikaukataa. Ulipewa alama ya kwamba haufai kupigwa hewani, kwa sababu ya mistari inayogusa ngono na madawa. Ukaishia namba 41 kwenye chati ya taifa. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka uliofuata Cold Chisel wakatoa Choirgirl, wimbo mtamu mlaini unaohusu msichana aliyeenda kutoa mimba, na redio zikaupiga mchana kweupe kwa sababu melodi ni nzuri na hakuna aliyejisumbua kusikiliza maneno. Kwaiyo usijione mjinga kama na wewe mara ya kwanza hukuelewa, wenye lugha yao wenyewe hawakuelewa.

Utakutana na mjuaji mmoja kwenye kila nyama choma atakayekwambia wimbo umekosea, kwamba Khe Sanh ilikuwa vita ya Wamarekani. Ni kweli, kuzingirwa kwa Khe Sanh mwaka 1968 kwa siku 77 kulikuwa hasa kwa wanamaji wa Marekani, na jeshi la nchi kavu la Australia lilikuwa mkoa mwingine, Phuoc Tuy, kambi yao kuu Nui Dat. Mwitikie, mpe soseji, maisha yaendelee. Jina la wimbo linabeba vita nzima, haliko pale kama ripoti ya jeshi.

Jinsi ya kuuimba na wenzako ukikutwa nao, maana ukiishi huku utakutwa nao tu:

Piano ikianza nyamaza. Watu watatazamana kwanza, hiyo ndo adabu yake, ni kama pale mwanzo wa taarabu mama mmoja anaposhika vizuri khanga kabla hajanyanyuka kwenda kutunza. Mstari wa kwanza ingia na wote, usitangulie. Hujui maneno? Shika mwisho wa mistari tu, neno la mwisho la kila mstari, pale katikati fanya mdomo unacheza, asilimia kubwa ya waliokuzunguka nao wanafanya hivyo hivyo kwenye ubeti wa tatu nakuhakikishia. Pumzi vuta mapema kwa sababu hakuna kiitikio cha kukupumzisha. Harmonika ikiingia, hapo ndo pa kunywa. Mwisho, pale panapohusu ndege ya mwisho kuondoka Sydney, kila mtu atamshika mwenzake bega, na wewe shika, hata kama humjui.

Ila kama kuna mzee amekaa kimya wakati wote wanaimba, usiende kumvuta mkono ainuke. Mi niliwahi kufanya hivyo. Sisemi zaidi.

Albamu ya kusikiliza nzima: East

Usiende moja kwa moja kwenye mkusanyiko wa nyimbo bora, sikiliza East, ya Juni 1980, nyimbo 12, ilifika namba mbili. Ile picha ya jalada Barnes kalala kwenye beseni la kuogea na kitambaa kichwani, wameiga mchoro maarufu wa Mfaransa David wa Marat aliyeuawa bafuni. Nani anaweka mapinduzi ya Ufaransa kwenye jalada la muziki wa baa? Hawa.

Mpangilio ni muhimu kwaiyo zima ile kitu ya kuchanganya nyimbo kwenye simu yako. Inafungua na Standing on the Outside, mtu yuko nje anachungulia maisha ya wenye nazo na anaanza kupiga hesabu mbaya. Rising Sun ni Barnes analia kuhusu mchumba wake Jane aliyeondoka kwenda Japani, lakini analia kwa mwendo wa rokabili kwaiyo unacheza. My Baby ni ya Phil Small yule mkimya wa besi, na ni pop safi kabisa, Moss ndo anaimba. Cheap Wine wataimba hata watoto. Ita ni wimbo wa mapenzi kwa Ita Buttrose, mhariri wa magazeti ya wanawake aliyekuwa anaonekana sana kwenye tivii, Walker anaandika kama mwanaume wa kawaida anayemtazama kwenye tivii akiwa kochini, inachekesha na ina heshima kwa pamoja, sijui kafanyaje.

Alafu inakuja Star Hotel na Four Walls zikifuatana, na hapo weka chini kila kitu. Star Hotel ilikuwa baa ya kweli, Newcastle ya huku Australia, mji wa makaa ya mawe na chuma, vijana wengi hawana kazi. Usiku wa tarehe 19 Septemba 1979 ndo ilikuwa inafungwa kabisa, watu maelfu wakajaa ndani na barabarani, polisi wakaja kuzima muziki, vurugu zikaanza, magari ya polisi yakapinduliwa na kuchomwa moto. Chini ya mwaka mmoja baadaye Walker alikuwa na wimbo wake. Ukitaka kujua kwa nini watu wa kule wanaipenda hii bendi kupita kiasi, ni kwa sababu walisikia usiku wao umeandikwa na mtu ambaye hakuwatukana. Four Walls inafuata, mfungwa na kuta zake, piano karibu peke yake. Baada ya makelele ya barabarani unaingizwa selo. Watu wanaosikiliza kwa kuchanganya nyimbo hawajawahi kulipata hili.

Zilizobaki, haraka haraka

Albamu ya kwanza ya 1978 ina Khe Sanh, na pia One Long Day, sikiliza Moss anavyoimba pale. Breakfast at Sweethearts ya 1979 ina wimbo wenye jina hilo hilo, mkahawa wa Kings Cross, mtaa wa usiku wa Sydney alikokuwa anaishi Walker, una mwendo wa regge kidogo, ni asubuhi ya watu ambao hawajalala. Swingshift ni ya laivu, 1981, ndo unasikia ule ukumbi niliokuelezea, pandisha sauti tu hapo usiwaogope majirani.

Mwaka huo huo 1981 walipewa rundo la tuzo kwenye sherehe ya tivii iliyodhaminiwa na gazeti la TV Week, wakapanda kufunga shoo, wakapiga My Turn to Cry, wakabadilisha maneno ya mwisho kulisema gazeti lenyewe, wakavunja vyombo, wakaondoka. Tafuta video. Nawajua watu wanaosema ilikuwa utoto, na labda ilikuwa, lakini nimeiangalia mara nyingi sana kwa mtu anayesema hivyo.

Circus Animals ya 1982 ilifika namba moja. You Got Nothing I Want ni Barnes anamtukana bosi mmoja wa kampuni ya rekodi baada ya safari yao ya Marekani kwenda vibaya, na kweli Marekani haikuwafungukia baada ya hapo wala kabla, kwaiyo AC/DC dunia nzima inawajua na hawa wamebaki wa nyumbani. Forever Now ya Prestwich, nzuri. Na Bow River ya Moss, ambayo nitairudia.

Walivunjika 1983, wakaaga na shoo zilizoitwa The Last Stand pale Sydney Entertainment Centre mwezi Desemba. Wakarudi 1998 na The Last Wave of Summer. Januari 2011 Prestwich akafariki, uvimbe kwenye ubongo, nafasi yake ikachukuliwa na Charley Drayton. Baada ya hapo wametoa albamu kadhaa, Blood Moon ya 2019 ilianza namba moja, Barnes akapasuliwa moyo mwisho wa 2023, na mwaka uliofuata huyo yuko stejini tena kwenye ziara ya miaka 50. Ziara hiyo waliianzia Armidale. Pale pale walipomsubiri mwenzao amalize shule.

Kuwasikia kwa macho

Baa zenyewe nyingi hazina bendi tena. New South Wales walileta polisi wa kupima ulevi barabarani Desemba 1982, mtu akawa hawezi kuendesha kilomita 30 kuifuata bendi alafu arudi amelewa, jambo zuri kabisa kwa roho za watu ila baa zikapungukiwa. Miaka ya 90 zikaja mashine za kamari, na mashine haiombi kulipwa Jumamosi usiku wala haivunji choo. Ukiingia leo kwenye ukumbi uliokuwa na jukwaa utasikia ving'ora vidogo vidogo vya mashine na wazee wamekaa kila mmoja peke yake.

Lakini bendi za kuiga zipo kila mji, wanapiga Cold Chisel tu usiku mzima, na kiingilio ni rahisi kuliko wenyewe. Mi nakushauri uende huko. Uliza kwenye baa ya kitongoji chochote cha wafanyakazi, utaambiwa lini. Vaa viatu vilivyofunikwa kwa sababu glasi zitaanguka. Kaa upande wa kinanda, siyo katikati. Watu wote watakuwa wamebanana mbele ya mwimbaji, na upande wa kinanda utapata nafasi, utasikia noti, na utaona uso wa mtu ambaye hakuna anayemwangalia.

Na wakifika kwenye Bow River, kuna jambo moja. Ni wimbo wa mtu aliyechoka kazi ya kiwandani, anataka kuacha kila kitu aende kaskazini kabisa, Kimberley, kwenye ranchi ya ng'ombe inayoitwa hivyo hivyo. Unaanza polepole, sehemu ya Moss, karibu ananong'ona, na wageni hapo huwa wanadhani ni muda wa kwenda msalani. Usiende. Weka glasi chini. Gitaa litabaki peke yake kidogo, ngoma zitaingia, na jamaa uliyekuwa umesimama naye, ambaye Jumatatu saa 12 asubuhi ana zamu, ataanza kuruka kama vile gari liko nje na injini inanguruma.